Alikataa Nini?

Nimefundisha Kiingereza Tinde miaka mingi, na kama kuna kitu kilichonizeesha kabla ya wakati si chaki wala watoto, ni maneno ya Waingereza yanayokwenda mawilimawili. Wana jina la mkono unaoanzia begani na jina jingine la mkono unaoanzia kwenye kifundo. Wana kuazima kwa anayetoa na kuazima kwa anayepokea, na ukiyachanganya wanakucheka. Sisi mtu akisema ameumia mkono tunatazama damu inatoka wapi, basi.

Hayo naweza kuyasamehe. Jozi nisiyoisamehe ni "refuse" na "deny". Kwetu yote mawili ni kukataa. Ukiitwa kwenda kulima shamba la mtu usitake, umekataa; hiyo kwao ni "refuse". Ukiambiwa ng'ombe wako kala mahindi ya jirani na si kweli, umekataa vilevile; hiyo kwao ni "deny". Kamusi niliyokuwa nayo shuleni iliyaweka kwenye mstari mmoja, katikati mkato tu, na mkato ule ulimkosesha shangazi yangu kazi.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mwanzoni mwa miaka ya sitini alikuwa mpishi wa shule ya wasichana ya masista, na mimi nilisoma hapohapo, darasa la saba. Sista mkuu alikuwa na miezi michache tu nchini. Kiswahili chake kiliishia kwenye shikamoo, nayo aliwaamkia hata watoto wa darasa la tano, wakaitikia marahaba bila haya. Asubuhi moja kopo la maziwa ya unga, la wasichana wagonjwa, halikuonekana stoo. Ufunguo wa stoo alikuwa nao shangazi. Nikaitwa ofisini kutafsiri kwa sababu nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza, na nilikwenda nimevimba kichwa.

Sista akauliza kama shangazi amechukua kopo. Nikamfikishia swali kwa heshima zote.

"Yaya!" akasema shangazi, maana akikasirika hapana yake ilikuwa ya Kisukuma. "Mwambie nakataa. Nakataa kabisa kabisa!"

Ningesema "no" tu, mambo yangeisha. Lakini "no" hata darasa la tano walikuwa nayo. Nikanyoosha shingo nikatoa neno kubwa, "refuse", tena nikaongeza kwamba ni kabisa kabisa.

Sista akakunja uso. Anakataa nini? Anakataa kujibu? Nikafikiri: swali limeulizwa, shangazi kakataa. Nikasema ndiyo. Akataka niulize tena, shangazi akakataa tena, kwa sauti zaidi, nami nikapeleka "refuse" ya pili, kisha ya tatu. Kwa masikio ya Sista, mpishi alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, anagoma kumjibu mkuu wake. Shangazi alitoka mle akijua amejitetea vizuri.

Kopo lilionekana wiki ileile, kwenye kabati la dawa, alikoliweka sista mwingine. Tukafurahi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: shangazi akafukuzwa hata hivyo. Hakufukuzwa kwa wizi, alifukuzwa kwa ukaidi. Akapewa barua, akaniletea niisome.

"Inasema uliulizwa mara tatu, ukakataa mara tatu."

"Si kweli hiyo? Nilikataa. Na kopo limeonekana. Sasa wananifukuzia nini, na wameandika wenyewe?"

Yeye aliiona barua kuwa ni ushahidi wake. Aliifunga kwenye kitambaa akaenda nayo kila alikoomba kazi, na kila alikokwenda alipatikana mtu mmoja anayejua Kiingereza, akaisoma, akamrudishia, akasema nafasi hakuna. Mwisho akarudi Samuye kulima pamba, mwanamke aliyeweza kupikia watu mia wali usiungue.

Mimi nikaenda chuo cha ualimu. Siku moja mwalimu akaandika maneno yale mawili ubaoni, moja huku moja kule, akaeleza tofauti. Wenzangu walinakili. Mimi nilitaka kurusha daftari. Nilimkasirikia Sista aliyeshindwa kujifunza lugha ya wapishi wake, nikaikasirikia kamusi, nikajikasirikia mwenyewe na shingo yangu ndefu.

Likizo ilipofika nikaenda Samuye. Nilimkuta shangazi anachambua pamba. Nilimwambia yote: kwamba nilimtafsiri vibaya, kwamba barua inamtangaza mkaidi, kwamba kosa ni langu.

"Basi andika nyingine," akasema. "Kiingereza si unakijua sasa?"

Sista alikwisha kurudi kwao. Nilijua barua ya mwanafunzi wa ualimu haitamrudisha mtu jikoni. Nikaandika hata hivyo, kwa mwandiko wangu bora, kwamba shangazi aliulizwa mara tatu na mara tatu akasema si kweli, na neno nililotumia safari hii lilikuwa "deny".

"Isome."

"Uliulizwa mara tatu, ukakana mara tatu."

Akaacha pamba. "Aliyekana ni Petro, naye alikuwa anasema uongo. Mimi sikumkana mtu. Mimi nilikataa."

Alikuwa na haki. Nikasoma upya: "Uliulizwa mara tatu, ukakataa mara tatu."

Akaichukua, akaiweka pajani kando ya ile ya Sista, akazitazama zote mbili, yeye asiyejua kusoma hata jina lake.

"Sasa, mwanangu," akaniuliza, "hii ina tofauti gani na ile?"