Sakafu Iliyowekwa kwa Ajili Yangu

Leo fundi amemwaga simiti jikoni kwangu, na harufu yake mbichi imenirudisha Machakos, nikiwa na miaka saba na kifua kinachopiga mluzi. Daktari alisema kinachoniumiza ni vumbi la sakafu yetu ya udongo.

Mama akanipeleka Matuu kwa dada yake mdogo, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto. "Tukimaliza kuweka simiti nitakuja kukuchukua," aliniambia. "Ukae vizuri na anti."

Kwa anti pia sakafu ilikuwa ya udongo. Kila asubuhi alinyunyiza maji kabla ya kufagia, na bado vumbi lilipanda hadi kitandani kwangu. Nilikohoa muhula wa kwanza, nikakohoa wa pili. Lakini hakuna aliyesema vumbi la kule linaniumiza.

Krismasi ilipofika, anti akanileta nyumbani. Sakafu ilikuwa nyekundu, imepigwa polishi mpaka inang'aa. Nilivua viatu bila kuambiwa, nikasimama juu ya ubaridi wake laini nikivuta pumzi. Pale kilipokuwa kitanda changu palikuwa na kabati la vyombo.

Jirani mgeni, aliyehamia mtaani nikiwa Matuu, aliingia akanitazama. "Na huyu msichana mzuri ni wa nani?"

Nilimwangalia mama, nikangoja ajibu. Alikuwa akimimina chai na hakuinua macho.

"Ni wa dada yangu," akasema. "Wa Matuu."

Anti hakushangaa.