Chupa za Mafuta ya Samaki Nilizomwaga Chooni

Msinitafutie kisingizio. Kosa ni langu, na hasira niliyo nayo nikiandika haya ni juu yangu mwenyewe!

Nilikuwa nachuma kahawa kwa mzungu karibu na Ruiru. Binti yangu mchanga alibaki na mama mkwe, ndani ya nyumba yenye moshi, mlango umefungwa kutwa nzima ili upepo usimpate. Jua aliliona Jumapili tu tukienda kanisani, tena akiwa amefunikwa gubigubi.

Nesi mmoja kule Thika akamshika kichwa, akaguna. "Mama, mifupa ya huyu ni laini. Hapati vitamini D ya kutosha." Akanipa chupa ya mafuta ya ini la samaki. "Kijiko kila asubuhi, na umtoe juani. Umesikia?"

"Nimesikia, sista."

Nilipoifungua nyumbani, harufu ilijaa kote. Sisi Wakikuyu na samaki wapi na wapi! Mama mkwe akaziba pua. "Unataka kumlisha mjukuu wangu nyoka wa majini? Mwaga!"

Nikamwaga chooni. Hakunishika mkono, nilimwaga mimi! Niliogopa kuitwa mke asiye na adabu.

Kila mwezi nilirudisha chupa tupu kwa nesi, akanipa nyingine.

"Anakunywa?"

"Kila siku, sista."

Nesi akanisifu mbele ya akina mama wote. Nami nikatabasamu, mjinga mkubwa!

Binti yangu alichelewa kusimama. Aliposimama, miguu ikapinda. Matege! Jirani yangu, aliyekuwa akimpa mwanawe mafuta yale yale, akamtazama, akasema, "Kumbe hayasaidii kitu. Wa huyu amekunywa kila siku na tazama alivyo. Mimi naacha."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza. Ngai, Mungu wangu! Neno moja tu lingetosha!

Leo mtoto wake naye ana matege.

Juzi nilimwendea, nikamwambia yote. Nilitaka anitukane, hata anipige. Aliuliza tu, "Ulikuwa unamwaga yote?"

"Yote."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo tukikutana mtoni, yeye hugeuza uso.

Akina mama, dawa msiyoitaka ikataeni mbele ya nesi, mgombane naye hapo hapo! Msiitikie kwa mdomo halafu mkamwage. Na watoto watoeni nje wapate jua. Mama mkwe akinuna, mwache anune!