Nilimhamisha Mdogo Wangu Chuo Kama Anayehama Shimo

Siku ile nyumbani Didia tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu Minza, shangazi yetu, na kocha wa chuo kimoja cha Kahama. Kosa ni langu peke yangu. Shangazi hata alinionya!

Wazazi wetu walifariki nikiwa shule ya msingi. Niliacha masomo, nikaenda machimboni Geita, nikamsomesha Minza. Alifika mwaka wa pili chuo cha ualimu Shinyanga, na ada walimsamehe kwa sababu ya netiboli.

Kocha akasema, "Kaka, huyu kwetu ni nahodha. Ahame wiki hii hii, mashindano yamekaribia."

"Na barua ya chuo changu kuniachia?" Minza akauliza.

Nikacheka. Sisi wachimbaji, shimo likiacha kutoa dhahabu, mtu anabeba nyundo na tindo zake, anahamia la jirani. Haagi! "Wewe beba raba zako," nikamwambia. "Barua itakufuata."

Shangazi akaguna. "Mtoto si nyundo, baba."

Jamani! Kule Kahama akazuiwa kucheza, maana chuo chake hakikuwa kimemwachia. Darasani akarudishwa mwaka wa kwanza. Mazoezini akaumia goti, na kocha akaacha kupokea simu zangu.

Tukarudi Shinyanga kuomba apokelewe. Mkuu wa chuo, mama mmoja mpole, akanipa kiti. "Kaka, umejinyima sana kwa ajili ya huyu." Kisha akamgeukia Minza. "Kama kuna mkubwa aliyekuondoa hapa, mtaje. Nitakutetea. Kama ulitoroka mwenyewe, sina la kufanya."

Minza akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Nilitoroka mwenyewe, madamu. Kaka hakujua."

Nami nikanyamaza! Mtu mzima, nimekalia kiti cha sifa, nikanyamaza! Akafutwa chuo.

Wenzangu mnaolea wachezaji, kocha akija na maneno matamu, mwambieni aanzie kwa mkuu wa chuo. Mtoto asitoke bila barua mkononi. Na mkikosea, semeni palepale, kabla mtoto hajawabebea kosa.

Minza sasa anauza vitumbua Nyasubi, kulekule Kahama, anachechemea. Nikipita ananiamkia kama zamani: "Shikamoo kaka."

Naitikia marahaba. Lakini neno moja ninalodaiwa, "Ni mimi," bado sijalipeleka Shinyanga.