Binti yangu aliambiwa ni mweusi mno kuwa katuni ya Kijapani

Wakuu, habari za humu ndani.

Hii nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Nikisoma naona nimeongeza hasira, napunguza, halafu naona nimepunguza na ukweli. Sasa naiacha hivi. Niliyoyaona nitasema niliyaona, niliyoambiwa nitasema niliambiwa, na pale sina hakika nitawaambia sina.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Embu. Kwetu ni Ruiri kule Meru, lakini nimeoa huku na naishi mtaa wa Majimbo. Shule niliachia form two, kwa hivyo wale wa digrii mnivumilie nikiteleza.

Nina binti anaitwa Kendi, yuko form three. Ni mweusi. Si chocolate, si maji ya kunde. Mweusi kama mama yangu, ambaye Kendi alipewa jina lake.

Kendi anapenda anime kuliko chakula. Zile katuni za Kijapani. Anazijaza kwa flash pale duka la movie, anaangalia, halafu anachora. Mimi nilikuwa napita tu nyuma ya kiti nikisema zima hiyo kitu ukasome.

Likizo iliyopita akaniambia kutakuwa na mashindano ya cosplay kwa ukumbi mmoja hapa mjini. Kwa wale hawajui kama mimi sikujua: unachagua mhusika wa katuni, unavaa kama yeye, unapanda jukwaani, majaji wanaweka marks.

Alitaka kuwa mlinzi wa lango la mji fulani wa kwenye mawingu. Jina la katuni sitaji, maana nawajua mashabiki, tutapigania hiyo tuache hii. Ni msichana wa upanga, koti refu, mkanda mpana, nywele za buluu.

Akaniletea picha. "Baba, unaweza?"

Nikasema lete.

Wakuu, niliketi na ile picha na tape measure na karatasi ya kukatia, nikashindwa. Sijawahi kushindwa na mwili. Nimeshonea wazee wa tumbo, nimeshonea bibi harusi mwenye mimba ya miezi minane akitaka isionekane. Lakini huyu msichana wa picha, kiuno chake ni sawa na shingo yake. Miguu inaanzia karibu na kwapa. Nikamwambia Kendi mtu huyu hana mahali pa kuweka maini.

Akacheka sana. Akaniambia nisipime katuni, nimpime yeye.

Nikampima yeye.

Usiku ule wa kukata kitambaa ndio nilimuuliza kitu kilichokuwa kinanisumbua. Hawa watu ni Wajapani ama ni wazungu? Macho makubwa hivi, ngozi kama maziwa, kidevu kama ncha ya penseli. Wajapani niliowahi kuona wakipita hapa kuangalia mambo ya mchele hawafanani na hivyo.

Kendi alinieleza, na naandika vile alieleza. Alisema Mjapani akiona ule uso anaona mtu wake, basi. Ni mistari michache, na macho ni makubwa ili hasira na machozi vionekane haraka. Nywele za buluu na za pinki ni za kukusaidia usichanganye watu. Mtu wa kwao hachorewi alama. Mgeni ndiye anachorewa alama: mzungu anapewa pua kubwa.

"Na sisi?" nikauliza.

"Sisi tunapewa midomo."

Akanionyesha. Katika ile katuni yake yote kuna mtu mweusi mmoja. Ni mpishi. Midomo kama maandazi mawili yaliyoumuka, anapigwa kila akitokea, analia akinyimwa chakula. Yupo pia msichana wa rangi ya kahawia, lakini huyo ni yule yule mweupe, pua ile ile, kidevu kile kile, ni kama walimchovya kwa chai wakamtoa.

Kwa haki ya Wajapani niseme hivi: Kendi anasema zingine za siku hizi wamechora watu weusi vizuri, wana sura zao na akili zao. Pia anasema kwao weupe ulipendwa hata kabla ya kujuana na wazungu, kwamba mwanamke wa jua alikuwa ni wa shamba. Hilo sina njia ya kuhakikisha. Lakini halikunishangaza. Hapa kwetu je? Msichana mweupe akiingia kanisani, si kwaya nzima inageuza shingo?

Basi. Nikashona. Koti la satini nyeusi na bitana ya dhahabu, kola ya kusimama, mkanda nikautoa kwa godoro la yoga. Mama Kendi akatengeneza wigi kwa uzi wa kusukia wa buluu, kwa sababu shuleni wananyolewa. Upanga tulichongewa na jirani, ukatoka umepinda kidogo.

Siku ikafika, nikafunga duka nikaenda na yeye.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na msichana wa make-up, mpole tu, sina ubaya naye. Akamshika Kendi kidevu, akachukua foundation ya rangi ya chapati, akamwambia: "Acha nikutoe hiyo giza kidogo. Majaji wanaangalia kufanana."

Kendi akanigeukia. "Baba, nipake?"

Hapo wakuu nilipiga hesabu. Ni mashindano, wengine wote walikuwa wamepakwa. Nikisema hapana na ashindwe, ni mimi nimemponza. Nikamwambia uso ni wako.

Akaniangalia kidogo. Akamwambia yule msichana asante, sipaki.

Jina likaitwa. Akapanda.

Akafika katikati ya jukwaa. Halafu kijana mmoja huko nyuma akasema kwa sauti, "Washeni taa, stima imepotea!"

Ukumbi ukacheka. Si watu wachache. Ukumbi.

Na niwaambie kitu kilichonichoma: niligeuka kuangalia waliokuwa wanacheka. Ni watoto wa Embu, wa Runyenjes, wa Siakago. Wengi weusi kama yeye. Hakukuwa na Mjapani hata mmoja pale wa kulaumiwa.

Kendi akafanya zile hatua zake na upanga. Akasimama. Jaji wa katikati, kijana wa miaka kama ishirini na kitu, akachukua mic. Akasifu koti. Alisema mshono uko juu, na hiyo nimeikubali. Halafu akasema:

"Lakini siste, huyu mhusika ni mweupe, na kufanana ni marks. Si ungekuja kama yule mpishi?"

Kicheko kingine, kikubwa kuliko cha kwanza. Mtu akaiga yule mpishi akilia chakula.

Nilisimama. Sijui nilikuwa nataka kufanya nini. Mama mmoja akanishika koti akaniambia keti, baba, utamharibia.

Kendi akanyoosha mkono, akaomba mic.

"Mhusika ana nywele za buluu," alisema. "Hapa ndani nani amezaliwa na nywele za buluu?"

Akashika wigi lake.

"Kila msichana aliyepanda hapa leo amevaa wigi, na hakuna aliyeambiwa si nywele zake. Ni ngozi yangu tu mmeshindwa kuwazia."

Wachache wakapiga makofi. Jaji akatabasamu, akasema rules ni rules, akaita anayefuata. Imeisha hivyo. Kwenye movie hapo ukumbi ungesimama. Hapa waliendelea kula popcorn.

Matokeo yaliposomwa Kendi hakuwamo; namba mbili akawa Wanja, rafiki yake, jirani yetu hapo Majimbo. Huyo ni brown. Na nitakuwa mkweli: Wanja alifanya vizuri. Anajua kutembea. Kendi alisimama kama mti, na ule upanga ulikuwa umepinda. Huenda angeshindwa hata angekuwa mweupe kama unga. Sitawadanganya kwamba tuliibiwa.

Lakini kushindwa kwa sababu ya upanga ni kitu kimoja. Hiyo ningemwambia pole, tutanyoosha. Ngozi nitamnyooshea wapi?

Nilimtafuta yule jaji nje. Alikuwa anakula smokie, zile soseji za barabarani. Kwa karibu nikaona ni mweusi, tena mweusi kama sufuria ya githeri iliyopikiwa kuni. Nikamwambia kijana yangu, mimi ndiye nimeshona lile koti, na nimejaribu kupima ule mwili wa picha. Hakuna binadamu anaingia pale. Si Mjapani, si mzungu, si Mmeru. Sasa wewe ulipima kufanana na nani?

Akacheka. "Mzee, hiyo ni katuni tu."

"Kumbe unajua ni katuni."

Akaacha kutafuna. Sikuwa nataka kumuaibisha, na sidhani aliaibika. Halafu akaniambia kitu sikutegemea. Kwamba yeye pia alikuwa anashindana zamani. Mwaka wa kwanza alipanda na uso wake, wakamwita makaa. Mwaka uliofuata alipakwa mpaka masikio, akashinda.

"Nilimwambia ile ya mpishi ndio ajue mapema," akasema. "Mimi hakuna aliniambia."

Wakuu, nilienda pale kugombana na mtu mbaya. Nikakuta mtu aliyechapwa, sasa anachapa wengine na anaona anawasaidia. Nilikasirika zaidi, na sikuwa tena na mahali pa kuipeleka hasira.

Jioni mama Kendi akaweka picha ya Kendi na Wanja kwa group ya familia. Koti wakalisifu sana. Halafu dada yangu mmoja kutoka Ruiri, mtu wa kanisa, mtu anayempenda Kendi kabisa, akaandika: "Na huyo mweupe amesimama kando yake ni wa nani? Kasichana karembo."

Kendi yuko kwa hiyo group. Alisoma. Akaweka simu chini akaenda kulala.

Wiki iliyofuata akaja dukani na Wanja, na koti kwenye mfuko.

Akaniambia kuna mashindano mengine yanakuja Meru mjini, na Wanja ataenda kama mlinzi wa lango. "Mpunguzie kiuno, Baba. Koti ni langu, nimempa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Yeye akipanda wataona mlinzi. Mimi waliona giza."

Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayesoma bei ya nyanya. Bora angelia.

Nikakasirika, nikamgeukia Wanja. Nikamuuliza, nikiri kwa ukali, ni adabu gani ya kumwomba mwenzake nguo ya namna hiyo. Mtoto wa watu akaanza kufuta macho.

"Sikumwomba, baba Kendi. Ni yeye alileta kwetu. Nilimwambia sitaki, akaniachia mlangoni."

Nikamwomba Wanja msamaha hapo hapo. Hana kosa. Hakujipa rangi yake na hakujipa namba mbili.

Nikachukua koti. Nilikuwa na pini mdomoni na makasi mkononi, na Kendi amesimama ananingoja, na kusema kweli alikuwa na haki. Ni mimi nilimwambia uso ni wake. Basi na koti ni lake, ampe anayetaka.

Nikatoa pini mdomoni. Nikamwambia Wanja, wewe nitakushonea lako, kitambaa nitatoa mimi. Hili lilikatwa kwa mwili wa Kendi na sitalipunguza. Ukitaka kuniita dhalimu, Kendi, niite.

Alienda nyumbani bila kuaga. Siku kadhaa chakula alikuwa ananiwekea mezani bila neno.

Koti nililitundika dukani. La Wanja nililimaliza, likamkaa vizuri, na akaja kulichukua na mama yake.

Juzi Kendi alipitia dukani kutoka shule. Hakunisalimia. Alilitoa koti kwa hanger, akalivaa juu ya uniform, akanyoosha mkono mbele.

"Umenikatia mkono mfupi."

"Sikukata mfupi. Umekua."

Akavuta ukingo wa ule mkono.

"Basi shusha pindo."

Nikashusha. Kama ataenda Meru hajasema, na mimi sijauliza. Ningeuliza ningeharibu.

Nimejifunza nini? Sijui kama nimejifunza, lakini nimeona. Mjapani alijichorea mtu wake kwa uzuri wa kwake, na hiyo ni haki yake, ingawa ile midomo ya mpishi sijamsamehe. Sisi ndio tumechukua mchoro wa mtu mwingine tukaufanya kipimo cha watoto wetu. Katuni haikumcheka Kendi. Ni sisi tulimcheka. Shangazi yake, jaji wake, vijana wa kwao. Na mimi nilipoulizwa nipake ama nisipake, jibu langu lilikuwa jepesi mno kwa swali zito vile.

Hiyo ndiyo hasira yangu, na bado haijaisha.

Kama nimekosea mahali kuhusu anime nirekebisheni, sitakasirika, Kendi mwenyewe hunirekebisha kila siku. Wanaojua wachoraji wa huku wanaochora sura zetu wekeni hapa chini nimwonyeshe.

Na wale mna mabinti wanaopenda kuchora: leo jioni mwambieni ajichore yeye mwenyewe, mkae naye mpaka afike kwenye uso. Mje mniambie alichukua rangi gani.