Ngumi Chini ya Kidevu

Fundi cherehani hacheki kabla hajaweka ngumi chini ya kidevu. Wateja humwona ana maringo, kumbe anazuia taya lisichomoke. Viungo vyake vyote vimelegea tangu azaliwe. Daktari alimwambia nyuzi zinazovishikilia ni dhaifu. Hata miayo huibana. Mkate huuchovya kwenye chai mpaka ulainike, na bado taya hulia ko! akitafuna. Leo shoga yake kamletea umbea wa kuvunja mbavu. Fundi akacheka mpaka machozi, ngumi kidevuni. Binti yake, aliyekuwa akifumua pindo la sketi, naye akacheka, ngumi kidevuni.

“Mwone anavyokuiga!” shoga akasema.

Fundi akamgeukia binti yake. “Unaniiga, mwanangu?”

“Hapana, mama. Nisiposhika, linachomoka.”