Hitima ya Mtoto wa Mama Mdogo

Mama mdogo alipofiwa na mwanawe wa kiume huko Ulaya aliomba jambo moja tu: hitima isomwe nyumbani kwake Ruwais, na katika dua jina la mwanawe litajwe. Maziko yalikwisha kusimamiwa huko huko na mwanamume aliyeishi naye miaka kumi na moja. Hilo ndilo lililotukaba.

Nilipanda ndege kutoka Riyadh, mji mwingine wa nchi hii hii, ninakofanya kazi ya kufasiri mikataba, nikiwa na hotuba nzuri juu ya rehema. Mimi ni msomi. Hotuba zangu nzuri zote huishia kichwani.

Baada ya Alasiri tulikaa kwenye mazulia, wanaume peke yetu, madirisha yamefungwa, maana wanazuoni wa nchi hii wanaiita hitima bidaa, uzushi katika dini. Kwa hiyo tulianza kuwa wazushi kabla hatujamhukumu mtu. Sanduku la juzuu thelathini za Kurani likapita, kila mmoja akachukua yake. Kisha mjomba, kaka yake mama mdogo, akapaza sauti iwafikie wanawake nyuma ya pazia.

"Tutawasomea marehemu wetu wote, dada. Jina tuliache."

"Marehemu wote wana mama zao," mama mdogo alijibu. "Mimi pilau nimempikia wangu."

"Basi asomewe na mumewe!" akasema binamu mmoja, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kidogo, kwa pua, kama mtu anayezuia chafya, lakini nilicheka.

Bibi, shangazi mkongwe wa mjomba na mama mdogo, akanguruma kutoka ndani: "Wee! Harusi yako Unguja nani alimpamba mkeo, akaimba mpaka ukamtunza? Hakuwa mwanamume kama huyu unayemcheka? Mlimtania, lakini sinia mlikula pamoja, na alipokufa mlimsomea."

"Zamani tulikuwa hatuijui dini, bibi," binamu akajitetea.

"Mlikuwa mkiijua. Mlichokosa ni mawaidha ya kwenye simu."

Mjomba akarudisha juzuu yake sandukuni, akainuka. Wengine wakamfuata. Nilijiambia nina ndege ya kuwahi, ingawa ilikuwa ya kesho yake asubuhi, nikatoka kwa haraka hivi kwamba juzuu ilibaki kwapani mwangu.

Kesho yake nilikuwa ofisini Riyadh mama mdogo aliponipigia.

"Baba, wanawake tumemaliza ishirini na tisa. Ya ishirini na mbili umeondoka nayo."

Nikamwambia, kwa uungwana mkubwa, kwamba msahafu wowote una juzuu hiyo.

"Misahafu ninayo. Hiyo nimekuachia wewe. Uisome, kisha umtaje. Nipigie wakati huo nisikie."

Niliisoma mezani pangu, mlango wazi. Meza ya pili alikaa mwenzangu, mtu wa Mombasa, ambaye habari zetu alikuwa ameshazipata kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa huku na kuzijibu kwa aya za adhabu. Nikapiga simu, nikaomba dua, nikalitaja jina mdomo ukiwa karibu kugusa simu.

"Sikusikia, baba. Rudia."

Nikarudia.

"Bado."

Nilisimama, sijui kwa nini, nikalitaja kwa sauti kama linavyotajwa jina la maiti yeyote wa Kiislamu, pamoja na jina la mamake. Mwenzangu alichukua chai yake, akatoka bila kunitazama. Tangu siku hiyo hanirudishii salamu.

"Amina," akasema mama mdogo, na nyuma yake wanawake wakaitikia.