Choroko za Mama Nkwimba

Ipo siku moja, mjukuu wangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na hili usimwambie bibi yako. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa karibu na Mwandoya, na msimu wa kuvuna pamba wote tulishinda shamba la kijiji. Kina mama walipika kwa zamu, tukala pamoja pale pale shambani.

Tumbo langu lilikuwa limeanza visa siku nyingi. Lilininyonga chini ya kitovu, likajaa gesi, nikakimbilia vichakani mara tatu kabla mstari wangu wa pamba haujaisha. Wenzangu walicheka, wakasema nakwepa kazi. Niliona aibu kusema ukweli. Kijana mzima, mcheza ngoma, nitangaze habari za choo?

Basi ikifika zamu ya Mama Nkwimba, mke mdogo wa baba, nikawa nasukuma bakuli pembeni. Yeye kila zamu alipika choroko, nami choroko zilinitesa. Sikusema neno. Lakini kwetu Usukumani, kurudisha chakula cha mtu bila kutoa sababu ni kumwambia, "Wewe mchawi." Nilijua hivyo. Niliona watu wakinong'ona, nikawaacha, maana niliona afadhali nionekane nimerogwa kuliko kuchekwa. Ujinga wa ujana! Haukupita muda kina mama wakamtoa kwenye zamu, na majirani wakaanza kusema afukuzwe kijijini.

Mchana mmoja akaja shambani na bakuli lake. Akakaa mbele yangu, watu wote wakitazama, akala choroko zile mpaka akalamba vidole.

"Ng'wanone," akaniita kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "mimi nimekula. Kesho tumbo likikuuma, utamtaja nani?"

Nililia, wala sioni haya kukwambia. Nikasema mbele ya wote, "Mayu, mama yangu, nisamehe. Tumbo hili lilianza kuniuma kabla baba hajakuoa. Wewe huna kosa."

Hakuna aliyenicheka. Wiki ile ile alinipeleka hospitali ya wilaya yeye mwenyewe, tumekaa juu ya lori la pamba. Daktari akasema utumbo mpana ndio unaoumwa, na kwamba nitaishi nao kama mtu anavyoishi na jirani mgomvi. Tangu hapo mama yule alinipikia wali laini na uji mwepesi, na kila asubuhi aliniuliza mbele ya watu, "Leo umeendaje choo, baba?" Nilimpenda mno.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilinipisha, akaumbuka mama wa watu. Sasa nawe juzi nilikuona umeshika tumbo, mkeo anakuuliza, unamjibu, "Uchovu tu," na chakula chake hukukimaliza. Mwanangu, sema panapouma, sema tangu lini, sema chakula gani kinakukataa. Mwambie daktari, kisha mwambie anayekupikia, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kujilaumu. Maumivu mengine hayaponi, lakini hayana haki ya kumtesa asiyekuwa nayo.

Nenda nyumbani ukamwambie leo. Mungu akupe tumbo tulivu, na akikunyima hilo, asikunyime mtu wa kumwambia.